005: Njia ya Mkato ya Kupiga Simu Kenya

Duka letu la vipuri hapa Tanga limekuwa likipiga simu Mombasa kwa msimbo wa 005 kwa miaka mingi, na naona umefika wakati wa kuupima kama tunavyopima huduma nyingine yoyote. Katika simu ya mezani unabonyeza 005, unaacha sifuri ya 041, ambao ni msimbo wa Mombasa, kisha unaendelea na namba yenyewe. Uganda ina 006, na aliye Kenya au Uganda akitaka kutupigia hutumia 007. Njia ndefu ya kwenda Kenya ni 000 254, yenye tarakimu tatu zaidi.

Tarakimu tatu si kitu kwa kijana wa leo, lakini aliyewahi kutumia simu ya kuzungusha anajua thamani yake. Katika gurudumu lile sifuri hukaa mwisho na hutoa mapigo 10, kwa hiyo 005 ni mapigo 25 ilhali 000 254 ni mapigo 41, na kidole kikiteleza unaanza upya.

Ufupi huo, hata hivyo, una bei yake. Nchi nyingi hutumia 00 kwa simu za nje, nasi tunatumia 000, maana 00 ikishapewa kazi ya kutangulia 5, 6 na 7 za majirani, haiwezi tena kufungua njia ya dunia nzima. Chukua Kisumu, ambayo msimbo wake ni 057: ukipiga 005 57, mtambo ungejuaje kama unaitafuta Kisumu au unaanza 00 55, yaani Brazili? Nafuu ya anayempigia jirani, basi, inalipwa na sifuri ya ziada ya kila anayepiga Dubai au London. Kwetu Tanga hesabu hiyo inatulipa. Sidhani kama mtu wa Unguja mwenye ndugu Muscat ataikubali. Rwanda na Burundi nazo, ingawa ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, hazimo katika mpango huu, na Kigali bado inataka 000 250.

Msimbo huu unaanguka kabisa kwenye simu ya mkononi. Nilikuwa nimehifadhi namba ya wakala wetu kwa kuanza na 005 41, nikasafiri nayo hadi Muscat. Kule 00 ndiyo ya simu za nje, kwa hiyo mtandao ukasoma 00 54, ambayo ni Argentina, na sauti ya mashine ikanijibu kwamba namba hiyo haipo. Alama ya + haina taabu hiyo, kwa sababu mtandao wa nchi uliyopo ndio unaoweka sifuri zinazohitajika, ziwe mbili au tatu.

Kwa simu ya mezani ya dukani naipa 005 nyota nne kati ya tano. Kwa simu ya mkononi naipa moja, na namba zote za Mombasa nimeshaziandika upya kwa +254.