Uzoefu wangu: nimelipia kuangalia ubingwa wa dunia wa vishale nikiwa Sinza, je hela imerudi?

Wadau nianze kwa kukiri, mi sio mtu wa vishale kabisa. Nimekulia kwenye mpira, Simba na Yanga, basi. Vishale nilikuwa navijua kama kile kibao kinachoning'inia kwenye baa za wazee pembeni ya kalenda ya mwaka juzi, mzee mmoja anarusha mwingine anaandika kwa chaki, ukipita unapita mbali usije ukatobolewa sikio. Sasa Desemba 2025 mshkaji wangu wa Tabata akanitupia klipu WhatsApp, akaandika "jirani yetu huyu kafanya maajabu London". Naangalia namkuta Mkenya, David Munyua, jamaa ni daktari wa mifugo, yaani mtu anayechoma ng'ombe sindano, yuko jukwaani Alexandra Palace mbele ya maelfu ya watu na amempiga Mbelgiji Mike De Decker seti 3-2. Na alikuwa nyuma 2-0! Mkenya wa kwanza kucheza ubingwa wa dunia wa PDC (shirika la vishale vya kulipwa), mechi yake ya kwanza, anamtoa mtu ambaye mwaka 2024 alichukua World Grand Prix, shindano lingine kubwa la vishale.

Nikasema hii lazima niione yote. Nikaenda pale kibanda umiza cha mtaani, nikamwambia dogo anayeendesha aweke vishale, akanitazama kama nimemwomba aweke harusi ya shangazi yangu. Ndo nikaamua kulipia mwenyewe huduma ya kuangalia mtandaoni (jina nakaa nalo, sitaki ugomvi na mtu), kifurushi cha mwezi, bei ni kama kilo ya kitimoto na ndizi zake. Kulipa kwenyewe kulinisumbua siku mbili, kadi yangu ya benki ikawa inakataliwa, mpaka nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu ndo ikakubali. Kwa hiyo ukitaka kulipia usisubiri siku ya mechi, utalia.

Usiku wa kwanza niliboreka mpaka nikasinzia. Kiukweli. Jamaa wawili wanarusha, refa anapiga kelele namba, watu wamevaa kama mapadri na wengine kama ndizi wanaimba, namba kwenye skrini zinashuka, alafu ghafla mmoja anakunja ngumi anashangilia na mi sijui kashinda nini. Nikajua nimeliwa hela.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja hapa nyumba ya pili, kastaafu shirika la umma, kumbe enzi zake alikuwa anachezea vishale timu ya kazini kwenye SHIMMUTA, ile michezo ya mashirika ya umma. Nilikuwa nimekaa nje na laptop nafuata network, akapita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye skrini, akavuta kiti bila kukaribishwa. Akakaa mpaka saa saba usiku. Alichoniambia cha kwanza ni hiki: "Kijana, hizo mia na themanini ni za kushangilia tu. We angalia dabo."

Basi ntaeleza kama alivyonieleza, maana bila hii hata ukipewa bure hutaielewa.

Kila mchezaji anaanza na 501 na anashuka kwenda sifuri. Zamu yako unarusha vishale vitatu, jumla yake inatolewa. Ubao una namba 1 mpaka 20, na kuna duara mbili nyembamba, ya nje kabisa ni dabo, namba inazidishwa mara mbili, ya katikati ni trebo, mara tatu. Kati pale ni buli (sio la chai) 50, na kijiduara kinachoizunguka 25. Ndo maana wanaipigania trebo ya 20 kama wana ugomvi nayo, ina 60, vitatu vikiingia ni 180. Na aliyepanga namba alikuwa na roho mbaya, 20 kaiweka katikati ya 1 na 5, ukikosa kidogo tu unaadhibiwa.

Lakini huwezi kumaliza kwa namba yoyote, kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, au buli ya kati ambayo nayo inahesabika dabo ya 25. Ukibakiwa na 40 unahitaji dabo 20, ukibakiwa 32 dabo 16. Ukipitiliza, au ukijiacha na 1, zamu yote inafutwa unarudi ulikokuwa. Hapo ndo mzee akawa anachekelea, anasema angalia wote wanapenda kujiachia 32, unajua kwa nini? Sijui. Kwa sababu ukiilenga dabo 16 ukaingia ndani ya 16 ya kawaida, unabakiwa 16, hiyo ni dabo 8. Ukikosea hivyo hivyo tena, 8, dabo 4. Tena, dabo 2. Unakosea huku bado unagawanyika kwa mbili. Sasa mwingine kajiachia 40, akikosea mara ya kwanza dabo 10, ya pili dabo 5, ya tatu ana 5, sio shufwa, inabidi apoteze kishale kuiweka sawa. Na mtu anayapiga hayo mahesabu kichwani kwa sekunde mbili, kasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, watu nyuma yake wanapiga miluzi makusudi. Mi hesabu za chenji ya daladala zinanishinda.

Zamu moja ya juu kabisa ya kumalizia ni 170, yaani trebo 20, trebo 20, buli. Na legi (yaani 501 moja mpaka sifuri) fupi kuliko zote duniani ni vishale tisa, mfano 180, 180, alafu 141 kwa trebo 20, trebo 19, dabo 12. Michael Smith aliipiga hiyo kwenye fainali ya 2023 dhidi ya Michael van Gerwen, na van Gerwen naye kwenye legi hiyo hiyo alikuwa kapiga vinane bila kukosea kakosa kile cha tisa. Nimeangalia hiyo klipu labda mara thelathini. Ubingwa Smith akachukua 7-4.

Sasa mfumo wenyewe. 501 moja inaitwa legi. Ukishinda legi tatu umechukua seti. Raundi ya kwanza na ya pili anayewahi seti 3 anapita, raundi ya tatu na ya nne seti 4, robo 5, nusu 6, fainali 7. Anayeanza legi ana faida kubwa maana anawahi kufika kwenye dabo, kwa hiyo wanapokezana kuanza, ya kwanza kabisa inaamuliwa kwa kurusha kimoja kimoja kwenye buli, aliye karibu anaanza. Ukishinda legi ambayo mwenzio ndo kaanza, hapo umemvunja, na mechi nyingi zinageukia hapo. Kuanzia raundi ya pili, seti ya mwisho lazima uzidi legi mbili, ila wakifika 5-5 inachezwa moja tu ya kufa na kupona.

Hii habari ya seti nilibishana na mzee usiku mzima. Chukua karatasi upige. Mi nashinda seti tatu, kila moja 3-2, we unashinda mbili, zote 3-0. Mi nimechukua legi 9, we 12. Umenizidi legi tatu nzima na unarudi nyumbani! Nikamwambia mzee hii sio haki, afadhali wahesabu legi zote kama magoli. Akasema ndo utamu wenyewe, mtu aliyepigwa 3-0 seti iliyopita anaanza upya sifuri, hana deni. Na kweli, nikairudia mechi ya Munyua nikiwa na hiyo akili, 2-0 chini, kwa mpira ungesema imeisha. Hapa alihitaji seti ya tatu tu, akaichukua, De Decker akaanza kutetemeka kwenye dabo, we unaona kabisa mkono umekuwa mzito. Ni mechi ile ile niliyoona kwenye klipu ila sasa hivi nilikuwa nimesimama peke yangu sebuleni kama penalti. Raundi ya pili Munyua akatolewa na Mholanzi Kevin Doets 3-0, sawa tu, kaondoka na pauni 25,000, kwa hela yetu inapita milioni 70. Kwa kurusha vishale!

Safari hii walikuwa 128, mwanzo walikuwa 96, na zawadi zote jumla ni pauni milioni 5, bingwa peke yake milioni 1. Hata ukitolewa raundi ya kwanza unapata 15,000. Alafu orodha yao ya ubora haina pointi, inahesabu hela ulizoshinda ndani ya miaka miwili, kwa hiyo mtu akichukua ubingwa amejihakikishia kukaa juu, ila pia miaka miwili ikipita zile hela zinafutwa, unaweza kumwona mtu anaporomoka ghafla na hajaumwa wala nini. Nafikiri kazini kwetu wangeweka hivyo kuna mabosi wangepauka.

Bingwa ni dogo Luke Littler, kampiga Gian van Veen 7-1 fainali ya tarehe 3 Januari 2026. Huyu dogo akiwa na miaka 16 alifika fainali akafungwa na Luke Humphries 7-4, mwaka uliofuata akiwa na 17 akabeba, na sasa karudia. Fainali yenyewe kusema ukweli haikuwa na ushindani, nilikuwa nimeandaa chipsi mayai na soda nikijua tutakesha, ikaniishia mapema. Mechi za raundi ya pili na ya tatu zilikuwa tamu zaidi, huko ndo watu wanakufa kwa kukosa dabo moja.

Sasa huduma niliyolipia, hapa sina maneno mazuri sana. Picha nzuri ukiwa na intaneti nzuri, lakini bando la simu inakula vibaya mno, usiku mmoja gigabaiti zangu za wiki ziliisha kabla ya mechi ya tatu, ikabidi nihamie kwenye waifai ya jirani (nilimwomba jamani, sio wizi). Na ina tabia ya kukwama pale pale mtu anapolenga dabo, inazunguka zunguka, inarudi unakuta wanapeana mikono. Mara mbili umeme ukakatika, hilo siwezi kuwalaumu wao. Nilichokipenda ni marudio, mechi zote zinakaa pale, unaangalia kesho yake ukiwa kwenye foleni ya Mwenge. Muda nao uko hivi, mechi za mchana wa London kwetu zinaanza saa tisa na nusu alasiri, za usiku zinaanza saa nne na kuendelea mpaka saa saba, saa nane. Kama unaingia kazini saa mbili asubuhi na unatokea Mbagala, chagua marudio. Krismasi hawachezi, kwa hiyo ugomvi na familia hautakuwepo siku hiyo angalau.

Maksi zangu: mashindano 9 kwa 10, moja nimetoa kwa sababu ya ile habari ya legi 12 kufungwa na legi 9, bado inaniuma. Huduma 5. Ningelipia tena? Desemba ndio, ila mwezi mmoja tu nasitisha, na kama huna mtu wa kukuelekeza siku ya kwanza subiri kwanza usome niliyoandika hapo juu. Kama we unataka kitu cha mikeka tu baki na mpira.

Madhara yake ni kwamba nimeshanunua ubao. Wa kwanza Kariakoo, rahisi, kumbe ni wa karatasi zilizobanwa, vishale vinadondoka na matundu yanabaki kama kichungi. Mzee akanicheka, akasema tafuta wa mkonge, ule ule mkonge wa Tanga, nyuzi zinajifunga zenyewe ukichomoa kishale. Nikaupata wa mtumba, nyuma umeandikwa umetengenezwa Kenya. Tumeutundika nje ukutani kwake, katikati ya buli mpaka chini mita 1.73, tumepima na futi ya fundi kabisa. Mke wake kaweka gunia pembeni kuokoa rangi ya ukuta. Juzi jioni nikabakiwa na 2, yaani dabo 1 tu, kile kipande kidogo pembeni ya 20 pale juu. Mzee akasema anaenda msikitini kuswali isha nimmalizie akirudi. Karudi, kavua kofia, kaagiza chai, bado nina 2.