Programu ya kusimamia mradi: ipi ununue ukitaka kujua kazi iliyobaki na bajeti itapasuka kwa kiasi gani

Chukua jengo la maduka Mamboleo, Kisumu. Bajeti Sh8,000,000, muda wiki 20. Kufikia mwisho wa wiki ya 8, mpango ulitaka kazi ya Sh3,200,000 iwe imekamilika. Kazi iliyokamilika, ukiipima kwa bei za BQ (orodha ya kazi na vifaa yenye vipimo na bei), ni ya Sh2,800,000. Pesa zilizotoka mfukoni ni Sh3,500,000. Mwenye jengo anauliza jambo moja: tutamaliza kwa ngapi?

Programu moja itamjibu Sh8,700,000. Ya pili, Sh10,000,000. Ya tatu, karibu Sh10,930,000. Zote zimelishwa tarakimu zilezile na hakuna iliyokosea kujumlisha. Pengo hilo la zaidi ya milioni mbili linatokana na fomula, na fomula ndiyo kitu ambacho muuzaji hukipita haraka ili akuonyeshe rangi za chati.

Vifupisho utakavyokutana navyo ni vilevile karibu kila mahali. BAC ni bajeti yote. PV ni kazi iliyopangwa kuwa tayari kufikia leo. EV ni thamani ya kazi iliyofanyika kweli, kwa bei ya bajeti. AC ni gharama halisi. Toa AC kwenye EV upate mkengeuko wa gharama: hapa ni hasi Sh700,000. Gawanya EV kwa AC upate CPI, hapa 0.8, yaani kila shilingi iliyotoka imenunua kazi ya senti 80. EV kwa PV ni SPI, hapa 0.875.

Jibu la kwanza ni AC kujumlisha kazi iliyobaki kwa bei ya bajeti: 3,500,000 na 5,200,000. Linachukulia kwamba hasara ilishapita. La pili ni BAC kugawanya kwa CPI, likichukulia kwamba mtaendelea kutumia kama mlivyoanza. La tatu hugawanya kazi iliyobaki kwa CPI mara SPI, yaani 0.7, ndipo likaongeza AC. Hilo linafaa pale ambapo kuchelewa kwenyewe kunakula pesa, kwa mfano mashine ya kukodi au mlinzi anayelipwa kila usiku.

Lipi la kweli? Inategemea pesa zilipotelea wapi. Ukichimba msingi upande wa Ahero ukakuta udongo mweusi, utachimba zaidi, utasomba udongo na kujaza marumu. Inauma, lakini paa halina udongo mweusi, kwa hiyo fomula ya kwanza ndiyo yako. Kama ni ujira wa fundi na vibarua uliopanda, utapanda pia kwenye plasta na rangi, na hapo ya pili ndiyo inayosema kweli. Programu haijui tofauti hiyo. Inayokuruhusu kuchagua fomula kwa kila kazi ni bora kuliko inayokuchagulia moja kwa mradi mzima.

Jaribio la dakika 20 kabla ya kulipa

Omba toleo la majaribio. Unda kazi moja, "Msingi", Sh1,000,000, siku 10. Hifadhi mpango wa msingi, ule ambao programu nyingi zinauita Baseline. Weka tarehe ya hali (Status Date, siku unayopimia kazi) iwe mwisho wa siku ya 5. Sasa ingiza kwamba kazi iliyopimwa ni asilimia 30 na gharama halisi ni Sh400,000.

Unapaswa kuona PV 500,000, EV 300,000, mkengeuko hasi 100,000, CPI 0.75 na SPI 0.6. Ukiona EV ni 500,000, programu inahesabu siku zilizopita, haihesabu mitaro iliyochimbwa. Ukiona AC ni 300,000, imejitungia gharama kutokana na asilimia uliyoingiza, na CPI yako itabaki 1 milele. Mradi utaonekana mzima kila Jumatatu mpaka pesa ziishe. Ukiona PV ni sifuri, hukuhifadhi mpango wa msingi. Mwisho tazama makadirio ya kumalizia, yaani jumla ya gharama hadi kazi iishe: 1,333,333 ni fomula ya pili, 1,100,000 ni ya kwanza. Hapo umejua unachonunua.

1. Lahajedwali, kwa saiti moja au mbili

Excel au LibreOffice Calc. Ndiyo, tumeipa nafasi ya kwanza, na tunajua wauzaji hawataipenda. Kwa mradi wenye mistari isiyozidi 40 hivi, hakuna kinachoishinda, kwa sababu hapa fomula unaichagua mwenyewe mstari kwa mstari.

Safu A jina la kazi, B bajeti, C asilimia iliyopangwa kufikia leo, D asilimia iliyopimwa, E gharama halisi. F ni EV: =B2*D2. Safu G andika 1 kama tatizo lilishapita, 2 kama litaendelea. Safu H, makadirio ya kumalizia:

=IF(OR(G2=1,F2=0),E2+B2-F2,B2*E2/F2)

Jumlisha H, utoe jumla ya E: hiyo ndiyo pesa inayobaki kutafutwa. Kipande cha F2=0 usikiache, la sivyo kila kazi ambayo haijaanza itakupa kosa la kugawanya kwa sifuri na jumla yote itaharibika.

Udhaifu wake ni tarehe. Lahajedwali haijui kwamba plasta husubiri kuta na kuta husubiri msingi. Mvua ikikata wiki moja, tarehe zote utazisogeza kwa mkono. Ugonjwa mwingine ni nakala: moja kwa mkandarasi, moja kwa fundi mkuu, moja kwenye WhatsApp, na hakuna anayejua ipi ni ya jana.

2. Microsoft Project ya kompyuta

Ukivuka saiti mbili, au mteja akitaka ratiba yenye mishale ya nani anamsubiri nani, hamia hapa. Inafanya kazi kwenye Windows pekee, lakini haihitaji intaneti kila dakika. Stima ikikatika Kondele, laptopu inaendelea. Angalia unachouziwa: mpango wa bei nafuu wa kwenye kivinjari hauna programu hii ya kompyuta, na jedwali za EV zimo ndani ya hii.

Ikitoka dukani itafeli jaribio letu, mara mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba "% Complete" yake ni asilimia ya muda. Nenda File, Options, Advanced, ubadilishe njia ya EV iwe "Physical % Complete". Mabadiliko hayo yanagusa kazi mpya tu. Zilizokuwepo utazibadilisha kwenye Task Information, kichupo cha Advanced. Sababu ya pili: kwenye Options, Schedule, kuna kisanduku "Actual costs are always calculated by Project". Kiondoe alama, ndipo utaweza kuandika gharama halisi ya risiti zako.

Halafu kuna mtego ambao umeshawaaibisha watu wengi mbele ya mteja. Kuna safu mbili zenye majina yanayofanana. "Cost Variance" ni gharama ya sasa kutoa bajeti ya msingi, kwa hiyo namba chanya ni mbaya. "CV" ni EV kutoa AC, kwa hiyo namba chanya ni nzuri. Ukichanganya safu hizo kwenye ripoti moja, utampongeza msimamizi aliyezidisha matumizi. Tumia CV peke yake, kutoka kwenye jedwali la "Earned Value Cost Indicators".

Makadirio yake ya kumalizia ni fomula ya pili, basi. Kwa jengo la Mamboleo itasema Sh10,000,000 hata kama shida yote ilikuwa udongo. Kalenda nayo inakuja na Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku. Kama saiti yako inafanya kazi Jumamosi, rekebisha kabla ya kuhifadhi mpango wa msingi.

3. ERPNext

Hii ni programu huria ya uhasibu, stoo na miradi, na nguvu yake haipo kwenye ratiba. Ipo kwenye AC. Ankara za ununuzi, vitu vinavyotoka stoo na saa za wafanyakazi vyote vinaweza kuandikwa jina la mradi, na gharama inajikusanya bila mtu kukaa na bunda la risiti mwisho wa mwezi. Asilimia ya mradi unachagua ihesabiwe vipi. Chagua uzito wa kazi, usichague idadi ya kazi zilizofungwa, maana hapo kupaka rangi mlango kutalingana na kumwaga slabu.

Hatari yake ni kuhesabu mara mbili. Simiti ukiiandikia mradi kwenye ankara ya ununuzi, kisha ukaiandikia mradi tena inapotoka stoo, gharama inaingia mara zote mbili. Amua moja: vitu vya stoo viandikie mradi vinapotoka, na ankara iwe ya vitu vinavyoshushwa saiti moja kwa moja. CPI utaipiga nje, kwenye lahajedwali. Utahitaji pia mtu wa kuisimika na kuitunza, na huyo ndiye gharama yenyewe.

4. ProjectLibre

Bure, inakaa kwenye kompyuta yoyote, inafungua faili za .mpp (za Microsoft Project), na ina safu za EV. Haihifadhi .mpp, utahifadhi .pod au XML. Ni chaguo zuri la kujifunzia, au la kufungua ratiba uliyotumiwa na mshauri bila kununua leseni. Kila faili ya .mpp ukiifungua humo, linganisha jumla ya gharama na tarehe ya mwisho na ile ya mwenye faili.

5. OpenProject

Toleo la jumuiya ni bure ukiliweka kwenye seva yako. Inashika kazi kwa saa: ukisema kazi ni saa 40 na zimebaki 10, inaandika asilimia 75 yenyewe. Ina bajeti za vifaa na za wafanyakazi, na inaonyesha zilizopangwa dhidi ya zilizotumika. Lakini zilizotumika dhidi ya zilizopangwa si EV. Kutumia asilimia 44 ya bajeti hakukwambii kama umejenga asilimia 44. Inafaa zaidi ofisi ya ushauri au shirika la mradi Kakamega au Nakuru, ambako gharama kubwa ni mishahara.

Primavera P6, programu ya miradi mikubwa, hatukuipa namba. Kwa hesabu ndiyo iliyo kamili kuliko zote hizi: unachagua asilimia ya muda, ya kipimo cha saiti au ya vitengo, unachagua fomula ya kazi iliyobaki kwa kila tawi la mradi, na unaweza kuiambia kazi ihesabiwe sifuri mpaka iishe. Inunue mkataba ukiitaja kwa jina na ukiwa na mtu aliyeizoea. Bila huyo mtu, ni pesa za bure.

Jira na ndugu zake, programu za kusogeza kadi za kazi kwenye ubao, tumewaweka chini kabisa kwa ujenzi. Wako sawa kwa timu ya kutengeneza programu. Jira ukiandika saa ulizofanya, inazitoa kwenye makadirio yenyewe. Kazi ya saa 40, ukifanya 30, inasema zimebaki 10, hata kama uko nusu ya njia. Kila unapoandika saa, andika na zilizobaki kwa mkono. Bajeti haimo.

Yanayoharibu hesabu kwenye programu yoyote

Simiti iliyo stoo. Tuseme ndani ya zile Sh3,500,000 kuna mifuko 400 iliyonunuliwa kwa Sh750 na haijaguswa. Hiyo ni Sh300,000 ambayo imeingia AC bila kuzaa EV hata senti. Ukiitoa, AC ni 3,200,000, CPI inapanda hadi 0.875, na makadirio ya kumalizia yanashuka kutoka milioni 10 hadi takriban Sh9,143,000. Hesabu mifuko siku ileile unayopima kazi.

VAT. BQ mara nyingi imeandikwa bila VAT, risiti za hadiwea zina VAT ya asilimia 16. Kama umesajiliwa na unairudisha, ingiza bei isiyo na VAT, la sivyo kila Sh1,000,000 ya vifaa inaleta mkengeuko wa uongo wa Sh160,000. Kama hujasajiliwa, ni gharama yako: iongeze kwenye bajeti tangu mwanzo.

Deni la hadiwea nalo linafanya kinyume. Vyuma vimeshamwagiwa zege kwenye slabu, lakini kwa kuwa utalipa mwisho wa mwezi hakuna aliyeandika. CPI inapendeza kwa wiki tatu, kisha inaanguka siku moja. Andika gharama siku kitu kinapotumika. Usisubiri ujumbe wa M-Pesa.

Na asilimia. Fundi ukimuuliza kazi imefika wapi atakwambia "tisini", na itabaki tisini kwa mwezi. Kazi fupi ya chini ya wiki mbili ihesabu sifuri mpaka iishe, au nusu ikianza na nusu ikiisha. Kazi ndefu pima kwa kipimo cha BQ: mita za ukuta, mita za mraba za plasta. Kuta zikiwa mita za mraba 620 na zilizosimama ni 217, andika asilimia 35 na usiongeze hata moja kwa sababu mawe yameshafika.

Leseni usinunue za watu wote. Anayeingiza ratiba ni mmoja, na wengine wanatosha kupokea PDF ya Jumatatu. Msimamizi wa saiti anahitaji karatasi moja yenye orodha ya kazi na safu mbili tupu: kipimo cha leo, na kiasi kilichobaki.