Kibao cha mbao cha kutelezea mawimbi madogo: kipi uchukue, kipi uachane nacho

Kama uko Malindi msimu wa kusi, mwezi wa 6 hadi wa 9 hivi, mawimbi unayajua: yanaingia mfululizo hadi mchangani kwa sababu pale ghubani hakuna mwamba wa kuyavunja mbali kama Watamu au Diani, lakini sio makubwa, mengi yanakufika kiunoni au kifuani. Kwa mawimbi hayo mi sijaona kitu kinachoshinda kibao chembamba cha mbao unachokilalia kwa tumbo. Ule ubao mkubwa wa kusimamia unataka pesa, unataka mwalimu na unataka gari la kuubebea, hiki unakibana kwapani unaingia nacho tuktuk.

Kwanza vipimo, maana hapa ndio watu wengi wanapotea. Waingereza wa Cornwall wanateleza na vibao hivi tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na vipimo vyao mpaka leo ndio vizuri: urefu futi 4, upana inchi 11 au 12, unene milimita 6 hadi 9. Mtoto mkatie futi 3. Ukikisimamisha chini kifike kati ya kitovu na kifua chako. Fundi atakwambia ongeza unene kiwe imara, mkatalie, kwa sababu kibao hiki hakikubebi kwa kuelea, kinakubeba kwa mwendo wa wimbi, na kikiwa chembamba kinajipinda kidogo na kushika maji vizuri kwenye ukingo. Ndio maana pia sio kifaa cha mtu asiyejua kuogelea, hilo nasema bila mzaha, kikikutoka mikononi kwenye kina hakikuokoi.

Halafu pua, yaani ncha ya mbele. Kibao kilicho bapa kabisa kinachimba mchanga wimbi likishuka, pua inakwama na mkia unakupiga tumboni au mbavuni. Agatha Christie, yule wa hadithi za upelelezi, alijifunza mchezo huu Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 1922, kwa vibao vyembamba vyepesi, na maumivu ya kuchimba mchanga kwa pua aliyapata vilevile. Sentimita 20 za mbele zikiinuka kama sentimita 4 au 5 shida hiyo inapungua sana. Na mkia uwe wa mviringo, usiukate ukaacha kona kali.

Sasa nafasi ya kwanza, na hapa sina wasiwasi kabisa: plaiwudi ya marini, ile inayotengenezwa kwa ajili ya boti, umtengenezeshe fundi au ufanye mwenyewe. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa vibao nane, kwa hiyo mkijikusanya nane mkagawana bei mtashangaa ilivyo rahisi. Ila kuwa macho dukani, sio kila plaiwudi nyekundu ni ya marini hata muuzaji akiapa. Angalia muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya marini, halafu usiuamini muhuri peke yake, piga magoti uangalie ukingo wa karatasi: ukiona matundu kati ya tabaka, maji yatalala humo na kibao kitaoza kutokea ndani. Omba kipande cha mabaki, kachemshe nyumbani masaa kadhaa, kausha, chemsha tena. Tabaka zikiachana umeokoa pesa yako.

Kupinda pua ndio kazi yenyewe. Njia ya kufunika taulo na kumwagia maji ya moto halafu kubana kwenye kalibu inafanya kazi kwa plaiwudi ya milimita 6, lakini ikikauka inarudi kidogo, kwa hiyo pinda zaidi ya unavyotaka. Mi napenda zaidi kuchukua karatasi mbili nyembamba za milimita 3 au 4, unazipaka gundi ya epoksi katikati, unazilaza juu ya kalibu yenye umbo la pua unabana kwa jiliwa mpaka kesho yake, ikitoka pale haibadiliki tena. Inakula gundi na muda, ila kwa mtu anayetaka kibao cha miaka ni bora.

Nafasi ya pili ni mbao halisi, sio plaiwudi: saiprasi, au paini kwa walioko Dar, ile ya msitu wa Sao Hill inapatikana kirahisi na Coco Beach nako siku za upepo vinapatikana viwimbi vya kuchezea. Upana wa inchi 11 kwa kipande kimoja ni nadra kwa hiyo utaunga mbao mbili, chagua zisizo na vifundo, randa mpaka milimita 12 hivi maana ikiwa nyembamba zaidi ya hapo inapasuka kufuata nyuzi. Pua haipindiki, unaichonga tu kwa chini, kwa hiyo inachimba mchanga zaidi. Mninga na mvule waachie wenye vitanda, ni mizito. Mwembe unaochongewa mitumbwi nao mzito kwa kazi hii, na bungua wanaupenda.

Ya tatu ni kuagiza kilichotengenezwa tayari Uingereza. Ni vizuri kwelikweli, plaiwudi ya mti wa Ulaya uitwao birch, pua imepindwa kwa mvuke, lakini usafiri na ushuru vitakula pesa ambayo fundi wa hapa angekutengenezea vibao vya familia nzima. Kama una ndugu anakuja likizo na mzigo wake una nafasi, hapo sawa.

MDF, zile mbao za unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, usiguse, inafura kama mkate. Vile vya povu jeupe vinavyouzwa na midoli pia usinunue, vinakatika katikati na chembe zake zinabaki ufukweni miaka, na kasa wanazila.

Ukishakipata, kingo ndio mlango wa maji: msasa mpaka zilainike, epoksi, halafu vanishi ya boti mara tatu nne. Usipake sifa, yale mafuta ya papa, kama jahazi, inanuka na kinateleza mikononi. Kila ukitoka suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kianike kivulini. Ukiona tabaka zinaanza kufunuka kwenye kona usisubiri, kausha siku mbili, ingiza epoksi kwa ncha ya kisu, bana, piga msasa, rudishia vanishi.