Karura kwa Matatu: Msitu ni Mzuri, Njia ya Kuufikia Bado

Sifa za Msitu wa Karura zimeandikwa sana, na mara nyingi mwandishi alifika kwa gari lake, akaegesha, akashusha baiskeli na mbwa. Mimi naandika kama mtu wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, aliyeshuka matatu namba 100 kwenye Barabara ya Kiambu, nikiwa na watoto wa ploti yetu na mama mkwe ambaye magoti humsumbua. Pia nimo kwenye kamati ya wakazi wa mtaa wetu. Tunapigania kiwanja cha watoto kisimegwe na watu wa kujenga maduka. Kwa hiyo nilitoka matembezi, ndiyo, lakini macho yangu yalikuwa yakitafuta jambo lingine: mahali palipookolewa na wananchi panaonekanaje baada ya miaka mingi, na nani hasa anafaidi.

Niseme mapema ili mwenye haraka asisubiri. Ndani ya lango, Karura ni mojawapo ya vitu vizuri zaidi Nairobi inavyoweza kumpa mtu wa kawaida, na ningemwambia kila mzazi awapeleke watoto. Nje ya lango, kwa anayekwenda kwa miguu, huduma hiyo inakatika ghafla.

Nianze na ndani. Msitu una zaidi ya hekta 1,000, katikati ya Muthaiga, Gigiri, Runda na Barabara ya Kiambu. Ukishapita kwa walinzi, mlio wa magari hufifia kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu vya watoto. Njia ni za udongo, pana, zimefagiliwa matawi, na kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba. Namba hizo ni jambo dogo lenye maana kubwa: ukiwa na ramani, mtoto wa gredi ya nne anaweza kuongoza kundi zima, na wetu waliongoza. Walibishana kila kibao, wakahesabu, wakatufikisha kwenye maporomoko ya maji bila mtu mzima kuwasahihisha. Mapango waliyojifichia wapiganaji wa Mau Mau hayako mbali na hapo. Watoto waliingiza vichwa, wakauliza walikuwa wanapika wapi na moshi ulikuwa unatokea wapi. Maswali ya maana kuliko mengi wanayoulizwa kwenye mtihani.

Mama mkwe hakufika kwenye maporomoko. Alitembea kipande, akapata benchi chini ya mti, akasema hapo panamtosha. Tulipomrudia alikuwa ameshapata marafiki na anatuonyesha mbega juu, wale weusi wenye mikia mirefu myeupe. Mbega hao waliletwa upya Karura kutoka Kipipiri, kule Nyandarua, ambako makazi yao yalikuwa yanapungua. Kima ndio wa kuangaliwa. Hao hawana haya, na ndizi usiishike mkononi ukitegemea itafika mdomoni.

Miti pia inarudi ile ya zamani. Sehemu kubwa ya Karura ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni enzi za kuni za reli na za mbao, na kazi ya kuiondoa polepole na kupanda ya kienyeji imekuwa ikiendelea. Unaiona tofauti kwa miguu. Chini ya mikaratusi ardhi ni kavu na kimya. Chini ya mihugu na mikinduri kuna vichaka, ndege na baridi ya kupendeza.

Jambo ambalo mwanamke ataliona kwanza ni kwamba hageuki nyuma. Nilipishana na wasichana wanaokimbia peke yao, spika masikioni, hawana wasiwasi. Mtu asiyeijua Nairobi ya miaka ya nyuma hawezi kuelewa uzito wa hilo. Jina la Karura lilikuwa la kuogofya: wizi, maiti zilizotupwa, watu walioingia wasitoke. Kwamba leo mama anasukuma kigari cha mtoto katika msitu huo huo ni kazi ya watu, na inafaa kuielewa ilivyofanyika, maana ndipo penye somo kwa mitaa kama wetu.

Miaka ya 1990 msitu huu ulikuwa umeshagawanywa kwenye karatasi. Vipande vyake vilipewa watu binafsi kimyakimya ili wajenge, na kufikia 1998 mitambo ilikuwa ndani ikisafisha miti. Wangari Maathai na wenzake wa shirika la kupanda miti la Green Belt Movement walianza kwenda huko na miche mikononi. Mama huyu alikuwa amekwisha kuzuia jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, kwa hiyo waliokuwa wanamjua hawakuchukulia miche ile kama mchezo. Tarehe 8 Januari 1999, walipofika kupanda mti wakiwa pamoja na wabunge na waandishi wa habari, walivamiwa na kundi la wanaume. Wangari alipigwa kichwani akatoka damu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, mji ukachafuka, na tarehe 16 Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hadithi hiyo inajulikana. Sehemu isiyosimuliwa vya kutosha ni miaka iliyofuata. Msitu ulikuwa umeokoka, lakini watu walikuwa hawauingii. Matingatinga yalikuwa yameondoka, majambazi yakabaki. Ilibidi waje watu wa kazi isiyo na kamera: wakazi waliounda chama cha jamii cha Friends of Karura Forest na kuingia katika usimamizi wa pamoja na Kenya Forest Service, shirika la serikali la misitu, jambo ambalo Sheria ya Misitu ya 2005 ilikuwa imelifungulia mlango. Uzio wa umeme ukazungushwa, na vijana wa vitongoji vya jirani kama Huruma wakapewa kazi ya kulinda msitu ambao awali ungeweza kuwalisha kuni tu. Hapo ndipo mama mwenye kigari cha mtoto alipopata nafasi. Nilipokuwa nikitembea nilikuwa nikiwaza kiwanja chetu. Tukishinda kesi ya hati halafu tusiweke taa, tusiweke mtu wa kufunga lango usiku, kitakuwa jaa la taka ndani ya mwaka mmoja, na mwenye pesa atarudi kusema, si mliona wenyewe hamkihitaji?

Sasa nje ya lango.

Tulishuka upande wa makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Dereva wa matatu alisimama pale alipopenda, si kwenye kituo, na makanga alikuwa amekwisha kupiga bodi kabla mama mkwe hajaweka mguu wa pili chini. Kutoka hapo unatembea pembeni mwa lami, kwenye vumbi na mawe, pikipiki zikikujia kwa nyuma upande uleule. Mahali tuliposhukia sikuona mistari ya pundamilia wala tuta la kupunguza mwendo. Tulisimama tumeshikana mikono kama mnyororo, tukingoja nafasi kati ya lori na lori. Watoto walikuwa wakicheka. Mimi sikuwa nikicheka.

Sheria ya trafiki inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Barabara haisomi sheria. Dereva hupunguza mwendo pale lami inapomlazimisha. Mtu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kuamka tena. Likiwa kwenye 60, nafasi hiyo hupungua sana. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote. Hao si watu waliokuwa kwenye safari za ajabu. Walikuwa wanavuka kwenda kazini, dukani, shuleni, na wengine, naamini, kwenda kutafuta hewa safi na watoto wao.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili yao. Sera nzuri. Ningependa walioiandika watembee nami kutoka kituo cha matatu hadi lango la Karura, wakiwa wamemshika mkono bibi mwenye magoti mabovu, kisha wanionyeshe hiyo asilimia 20 iko wapi.

Nilitaja Barabara ya Kiambu kwa makusudi. Mwaka 2024 ulitangazwa mpango wa kuipanua kuwa ya njia nne, na ekari zaidi ya 51 za Karura zikatajwa kuwa zitahitajika. Watu walipiga kelele, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Lakini nataka kuwa mkweli kwa majirani wa upande wa Kiambu: msongamano ule ni mateso. Mtu anaamka saa kumi usiku ili afike mjini saa moja. Ukimwambia habari ya mbega, atakuuliza mbega wanamlipia kodi ya nyumba? Siwadharau. Ninachosema ni kwamba kila mara tunapopewa barabara pana, anayeondolewa kwanza ni mti na anayefuata ni mtembea kwa miguu, na baada ya miaka michache foleni inarudi ikiwa na magari mengi zaidi. Kama lazima barabara iguswe, mabasi yapewe njia yao kwanza, njia za miguu ziwekwe pande zote mbili, na vivuko viinuliwe usawa wa njia ya miguu ili gari ndilo lipande tuta. Tusiletewe daraja la juu la ngazi nyingi halafu mama mkwe wangu alaumiwe kwa kuvukia chini.

Kwamba inawezekana kubadilisha michoro tumeona. Mwaka 2020, barabara kuu ya juu ikijengwa, mkuyu mkubwa wa zaidi ya miaka mia moja pale Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa ukatwe. Watu walilivalia njuga jambo hilo, wakaandika, wakasimama chini yake, na amri ikatoka mti ubaki. Mhandisi akapata njia nyingine. Wahandisi wetu si wajinga. Wakiambiwa kitu hakiguswi, hupiga hesabu upya.

Kuhusu ada. Raia wa Kenya analipa kidogo kuliko mgeni mkazi, na mgeni mkazi kidogo kuliko mtalii, na watoto wana bei yao. Ni haki. Hata hivyo, piga hesabu ya familia ya Kayole, huko Eastlands: nauli ya kwenda mjini, nauli ya pili, ada kwa kila kichwa, na kurudi. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja ninayoisikia kwenye mikutano, kwamba kiwanja cha mtaani kikienda si kitu kwa sababu "Karura ipo". Karura ni ya siku moja katika miezi kadhaa. Mtoto anacheza kila jioni. Na kwa sababu pesa za langoni ndizo zinazolipa walinzi na kutunza njia, nilifuatilia kwa makini mvutano wa mwaka 2025 pale ilipoagizwa malipo yaende eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia huduma mtandaoni, na chama cha jamii kikaenda mahakamani. Msimamo wangu ni mmoja: shilingi ya msitu ionekane msituni, na wakazi wawe mezani inapohesabiwa.

Kwa anayepanga kwenda: pesa taslimu hazipokelewi, hakikisheni njia ya kulipa mapema na simu iwe na chaji. Maji bebeni kwenye chupa za kudumu, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na misitu tangu Juni 2020, na walinzi hukagua mifuko. Baiskeli za kukodi zipo na zinatunzwa. Kama mvua imenyesha, vaeni viatu msivyovionea huruma, udongo ule mwekundu unashika. Wazee wapelekwe asubuhi, wakati mabenchi hayajajaa na jua bado ni la kirafiki. Mwambieni makanga tangu mkipanda kwamba mna watoto na mzee, na mnataka kushuka kando kabisa, si katikati ya barabara. Mkitoka jioni, msigawanyike kuvuka. Vukeni wote kwa pamoja, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma, mkono umeinuliwa, na msianze mpaka gari la kwanza lisimame kabisa.