Alichomoa waya nikiwa na meli mbili

Mtu anayeijua Galaga, ile gemu ya meli ya angani inayowapiga wadudu, hachomoi waya wa mwenzake aliye na meli mbili. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hasira ninayo tangu juma lililopita, au lile la kabla yake, na mke wangu amekataa kulisikia tena.

Kibanda chenyewe cha gemu kiko Majengo, Mombasa, ndani ya uchochoro, jina silitaji. Wengi huingia kucheza mpira kwenye mashine mpya. Mimi huenda kwa ajili ya kona ya nyuma, penye televisheni ya kichogo, mashine ya Kichina iliyoigiza Famicom, ile mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo, na kaseti ya njano yenye gemu chungu nzima ambazo nusu yake ni zile zile zilizobadilishwa majina. Galaga imo, ile ya nyumbani ya 1985, si ile ya kutumbukiza sarafu ambayo Namco waliitoa 1981. Ukutani pana ubao wa chaki wenye majina na pointi. Sheria yake ni moja: pointi huandikwa meli ya mwisho ikishalipuka, na kijana wa kaunta awe ameona kwa macho yake, maana kaseti haihifadhi kitu. Mashine ikizimwa, rekodi yako imekwenda na maji.

Sasa anayecheza kujifurahisha hupiga chochote kinachopita mbele yake. Anayesaka pointi hachezi hivyo. Wale wadudu wakubwa wa safu ya juu, ukiwapiga wakiwa wametulia kwenye mpangilio wao, wanakupa 150. Mngoje mmoja ateremke na walinzi wake wawili, umuue yeye kabla ya walinzi, upate 1,600. Na kila mkubwa hafi mpaka apigwe mara mbili. Ya kwanza humgeuza rangi tu. Kwa hiyo unakaa, unavumilia, unawaacha wakujie. Halafu kuna ile miale. Mkubwa anashuka, anamwaga mwanga, nawe unajipeleka mwenyewe ukanaswe. Roho moja imekwenda, na kama huna nyingine, gemu imekwisha papo hapo. Kama unayo, unamvizia akishuka tena na mateka wake, unampiga yeye bila kuigusa meli yako, nayo inarudi kuungana na ile uliyobaki nayo. Hapo unafyatua mbili mbili. Hapo pia umekuwa mpana maradufu, kila kombora linakuona. Kuna raundi za zawadi, ya 3, ya 7, ya 11 na kuendelea, ambazo wadudu 40 hupita bila kukushambulia. Ukiwamaliza wote unapewa 10,000. Kwa meli moja wapo wanaoweza, mimi siwezi kila mara.

Nami nilikuwa nazo mbili. Rekodi ya ubaoni ilikuwa 180,000 na ushei, ya jamaa mmoja wa Tudor anayejisifu mpaka anakera, na nilikuwa nimeshaipita. Nimeshaipita! Roho za akiba bado ninazo, mikono imetulia, nimeacha hata kupepesa macho.

Akaja kijana wa kaunta, macho kwenye simu. "Ami, saa imekwisha."

Nikamwambia, ngoja nife kwanza. Hakujibu. Walikuwa wameingia wavulana wawili wa mpira, na soketi za mbele zimejaa. Akainama akachomoa waya, televisheni na mashine vyote pamoja.

Nikamuuliza, mbona hivi, mwanangu? Adabu bado ninayo hapo.

"Ni gemu tu, ami. Utacheza tena."

Ni gemu tu! Na ule mpira wa wale wavulana, ni Kombe la Dunia? Na hiyo saa yake ilianza kuhesabiwa lini? Ilianza kaseti haijashika, yeye mwenyewe anaichomoa, anaipuliza, anairudisha, kioo kimejaa kijivu. Shilingi 50 nimelipia kutazama mtu akipuliza kaseti. Nikamwambia basi andika ubaoni, uliniona. Akasema hakuona. Hapo hakusema uongo, angeona vipi na simu imemfunika uso? Mmoja wa wale wa mpira akauliza kama gemu hiyo ilichezwa kwenye safina ya Nuhu. Wakacheka wote, na kijana wa kaunta akacheka zaidi yao.

Mwenye kibanda alirudi baadaye kutoka msikitini. Mzee wa heshima, wallahi, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Pole, shekhe wangu," akasema, "lakini ubao una sheria yake." Akanipa saa nzima bure. Nikakataa, nikatoka, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia watu wasikanyage pale.

Kisha nikarudi. Nitaenda wapi? Nyumbani nina televisheni bapa, na zile huichelewesha picha kidogo: umeshabonyeza, meli ndiyo kwanza inafikiria kusogea, na kwenye Galaga huko kufikiria ndiko kufa kwako. Ile ya kichogo haina ucheleweshaji huo. Pedi yao nayo ina kitufe cha kufyatulia kilichobadilishwa, laini, hakigandi. Kwa kona ile peke yake ningewapa nyota nne, na nilikuwa nimeamua kuwapa nne, nimeshamsamehe kijana wa watu.

Nikainua macho ubaoni. Jina la yule wa Tudor limepigwa chaki upya, kubwa zaidi, na pembeni yake limechorewa taji. Nikauliza nani amechora. Kijana akatazama simu yake.

Nyota mbili. Moja ya televisheni, moja ya mzee. Ukienda, lipa saa mbili kwa mkupuo, umuone kwa macho yako akianza kuhesabu, na kiti chako kiweke hapo hapo penye soketi, ili anayetaka kuchomoa waya akuombe njia kwanza.