Uzoefu wangu: kanzidata ya nasaba kwa kuchagua farasi wa Kiarabu wa masafa marefu

Naipa nyota 4 kati ya 5, kwa sharti kwamba uitumie sambamba na rekodi za mashindano. Ikiachwa peke yake, ni nyota 2 tu.

Nazungumzia ile aina ya kanzidata ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu. Unaandika jina la farasi, inakuletea baba, mama na mababu hadi kizazi cha tano bila malipo. Ukilipia unapata vizazi zaidi, orodha ya watoto na kikokotoo cha undugu wa damu. Naitumia kuchuja farasi wa mbio za kilomita 80 hadi 160.

Kazi ya kwanza ni kusafisha jina. Marekani, nyota iliyo mbele ya jina humaanisha farasi aliingizwa kutoka nje, na alama za kujumlisha na mikwaju iliyo nyuma ni tuzo. Ulaya, "ox" ni Mwarabu halisi na "xx" ni Thoroughbred, farasi wa mbio wa asili ya Uingereza. Majina ya asili ya Kiarabu huandikwa kila mtu avyosikia: Kuhailan, Kuheilan, Koheilan. Jaribu tahajia zote, halafu linganisha mwaka wa kuzaliwa, rangi na jina la mama.

Ulinganishi huo usiuruke. Taarifa hujazwa na watumiaji wenyewe, na farasi wawili wa jina moja wakichanganywa, uzao wote ulio chini yao unaharibika. Mimi hutazama miaka kwanza. Mimba ya farasi huchukua takriban miezi 11, kwa hiyo jike mwenye watoto wawili waliozaliwa mwaka uleule ni dalili ya kosa, isipokuwa kama viinitete vilipandikizwa kwa majike wengine. Penye shaka, neno la mwisho ni la kitabu cha nasaba kinachotambuliwa na WAHO, shirika la dunia la farasi wa Kiarabu.

Baada ya hapo ndipo usome majina makubwa, tena kwa hesabu. Persik, dume aliyezaliwa Tersk, Urusi, mwaka 1969 na kuja kuzalisha sana Ufaransa, ni jina ambalo wauzaji hupenda kulitaja. Akitokea mara moja katika kizazi cha tano, mchango wake kwa wastani ni 1/32, yaani takriban asilimia 3. Akitokea mara tatu katika kizazi cha nne, ni karibu asilimia 19. Tofauti hiyo ni kubwa mno kufichwa chini ya maneno "damu ya Persik". Vivyo hivyo kwa damu ya Crabbet, ukoo wa Uingereza ulioanza 1878: uliza iko kizazi gani na mara ngapi.

Kwangu mimi upande wa mama ndio wenye utajiri. Dume maarufu hupandishwa majike wengi, hivyo bingwa mmoja au wawili watapatikana tu. Usihesabu mabingwa wake bila kuhesabu watoto wake wote waliowahi kushindana. Jike huzaa wachache. Jike mwenye watoto wanne kwa madume tofauti, watatu kati yao wakimaliza kilomita 160, amenieleza mengi kuliko tangazo lolote.

Hayo hayapo kwenye kanzidata ya nasaba. Nachukua majina ya ndugu wa mama mmoja na kuyatafuta kwenye rekodi za AERC, chama cha mbio za masafa marefu, kwa Marekani, na za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kwa mbio za kimataifa. AERC hutenganisha mbio za maili 50 na zaidi na zile fupi za maili 25 hadi 35, usizijumlishe. Kwenye FEI soma sababu ya kuondolewa: GA ni mwendo wenye kasoro, ME ni hitilafu ya umetaboli. Kuchechemea kunaweza kuletwa na viatu vya farasi, mawe au mwendo wa kasi, kwa hiyo tukio moja silipi uzito. Ndugu watatu walioondolewa kwa ME, chini ya wapandaji tofauti na katika nchi tofauti, hapo ninaacha ununuzi.

Kikokotoo cha undugu wa damu kina mtego wake. Babu asiyejazwa huhesabiwa kama mgeni, kwa hiyo nasaba yenye mapengo hutoa asilimia ndogo ya kupendeza. Linganisha farasi kwa idadi ileile ya vizazi, vilivyojaa. Kwa kipimo, mtoto aliyezaliwa na ndugu wawili wanaochangia mzazi mmoja tu ana asilimia 12.5.

Ukinunua kwa ajili ya kuzalisha, omba vyeti vya vipimo vya magonjwa ya kurithi: SCID (ukosefu wa kinga ya mwili), CA (ugonjwa wa ubongo wa nyuma) na LFS (ugonjwa wa neva unaoua watoto wa farasi). Maabara huhitaji nywele 20 hadi 30 za shingoni au mkiani, zikiwa na mizizi. Zilizokatwa kwa mkasi hazifai. Mbebaji wa nakala moja ya jeni la ugonjwa ni mzima na anaweza kukimbia kilomita 160, ila akipandishwa na mbebaji mwenzake wa ugonjwa uleule, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.