Hesabu madaraja: nilivyoikimbia marathoni ya New York

Nilipopata nafasi ya kukimbia New York City Marathon, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua ramani na kutafuta milima. Sikuiona. Niliona jiji la pwani, limezungukwa na maji kama Dar, nikajua miguu iliyozoea Coco Beach na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi itaniwezesha. Kaka mmoja wa kundi letu la jogging, ambaye alishawahi kuikimbia, aliniangalia akasema, "Dada, we hesabu madaraja." Nikahesabu. Matano.

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida, mama wa watoto wawili, na nimekimbia Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2024 kwa saa 4 na dakika 52. Nimeulizwa maswali mengi tangu nirudi, kwa hiyo naandika yote hapa, mazuri na magumu.

Nianze na gharama, maana watu wengi wanakwama hapo. Wageni huingia kwa njia tatu kubwa: bahati nasibu, kukimbia kwa niaba ya taasisi ya hisani unayoichangishia fedha, au kununua kifurushi kwa wakala wa safari aliyetengewa namba. Bahati nasibu ni ngumu kweli; kwa mbio za mwaka 2025 waliomba watu zaidi ya 200,000. Mimi nilipita kwa wakala. Ada ya mbio peke yake kwa mgeni inazidi dola 300, na viza ya Marekani ilikuwa dola 185 ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Halafu tiketi ya ndege, halafu malazi. Nilianza kuweka akiba mwaka mzima kabla. Wakala wangu aliniambia hoteli ipo "karibu na pantoni" la kwenda mwanzo wa mbio, nikafika nikakuta ni karibu saa nzima kwa treni ya chini ya ardhi. Kabla hujalipa, omba anwani kamili uipime mwenyewe kwenye ramani. Namba ya kifuani unaifuata mwenyewe Javits Center, ukumbi wa maonyesho, ukiwa na pasipoti mkononi; hawampi mtu mwingine.

Mazoezi niliyafanya Daraja la Tanzanite, lile linalokatiza juu ya bahari kutoka upande wa Aga Khan kwenda Coco Beach. Lina urefu wa kilomita moja na mita chache. Jumamosi saa 11 alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma, nilikuwa nalipanda na kulishuka mara sita, mara nane. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa naenda Gongo la Mboto, napanda hadi Pugu, kisha narudi na bodaboda. Niliona kazi ni kupanda, na kushuka ni kupoteza muda. Ikumbukeni hiyo bodaboda, nitairudia.

Usiku wa kuamkia mbio Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Mbio ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, na ndiyo siku hiyo hiyo saa zinapobadilika, kwa hiyo unapata saa moja zaidi ya kulala. Simu yangu ilijirekebisha yenyewe, ila saa ya ukutani hotelini haikujirekebisha, na nikakurupuka mara mbili usiku nikidhani nimechelewa.

Mbio zinaanzia Staten Island, mojawapo ya sehemu tano za jiji (nyingine ni Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan), na mimi nilikwenda kwa pantoni. Ni kubwa, la rangi ya chungwa, halina nauli, na safari ni kama dakika 25. Limejaa wakimbiaji tu, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki unaoonyesha ndani. Tulipopita mbele ya Sanamu ya Uhuru wote walihamia upande mmoja kupiga picha. Ukishuka kuna basi, halafu ukaguzi, halafu unakaa kusubiri kwenye uwanja wa Fort Wadsworth. Kundi langu lilikuwa la nne, la saa 5 kasoro dakika 5 asubuhi. Nilifika saa 2 na robo. Zaidi ya saa mbili na nusu nimekaa kwenye nyasi zenye umande, upepo unatoka baharini, baridi chini ya nyuzi 10. Mtu wa pwani usilifanyie mzaha jambo hili. Chai ya moto ipo, mikate ipo, foleni za vyoo ni ndefu, lakini baridi ndiyo inayokumaliza nguvu kabla hujapiga hatua.

Kilichoniokoa ni sweta. Nililinunua soko la Mchikichini, Ilala, mtumba, zito, la sufu, lina lebo ya duka la Marekani. Nilishauriwa nivae nguo nisizozihitaji tena, kwa sababu ukikaribia kuanza unazivua na kuziacha, na wao huzikusanya kwa ajili ya wahitaji. Nilipolivua nililikunja vizuri kabla ya kuliweka kwenye lile pipa kubwa. Lilisafiri bahari nzima kuja Ilala, nami nimelirudisha. Nilijikuta nalishukuru kimoyomoyo.

Mzinga ukalia. Daraja la kwanza ni Verrazzano-Narrows, na lenyewe ndilo mlima mkubwa kuliko yote. Katikati yake ndipo juu kabisa katika njia nzima. Nafasi kati ya minara yake miwili ni mita 1,298, na lilipofunguliwa mwaka 1964 hakuna daraja la kuning'inia duniani lililokuwa na nafasi ndefu kuliko hiyo. Unalipanda miguu ikiwa bado mipya, watu wanapiga kelele, helikopta juu, na huoni kama ni mlima. Wakati mimi nalipanda, mbio za akina mama wa kulipwa zilikuwa zinamalizikia Central Park, hifadhi kubwa ya Manhattan ambako sote tunamalizia. Wakenya watatu, Sheila Chepkirui, Hellen Obiri na Vivian Cheruiyot, wakachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na mwaka 1989 alipita hapa Juma Ikangaa wetu, Mtanzania, akashinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia hii iliyokaa hadi 2001. Jina lake nililiandika kwa kalamu ndani ya kiganja. Sikuwa na haja ya kumwonyesha mtu.

Kosa langu lilikuwa pale pale. Kupanda nilijizuia vizuri. Lakini daraja lilipoinama kuelekea Brooklyn nikajiachia. Mpango wangu ulikuwa dakika 6 na sekunde 40 kwa kilomita. Nilipotazama saa ya mkononi nilikuwa nakimbia kwa dakika 5 na sekunde 40. Nilisikia raha. Nilihisi nimepewa zawadi.

Brooklyn ni sherehe, sina zaidi ya kusema. Fourth Avenue ni ndefu na imenyooka, bendi kila baada ya mitaa michache, kwaya ya kanisa imetoka na majoho yake barabarani, watoto wananyoosha mikono uwapige. Wanakuita jina ukiwa umeliandika kwenye fulana, kwa hiyo liandike, na uliandike kubwa. Jambo la kuzoea ni alama za maili. Kilomita unazikuta kila baada ya tano tu, mengine yote ni maili, 26 na ushee, na vituo vya maji vipo karibu kila maili. Fanya hesabu zako nyumbani, si barabarani. Nusu ya mbio iko juu ya Daraja la Pulaski, la kuingia Queens. Nilipita hapo kwa saa 2 na dakika 16, nikiwa mbele ya mpango, na nikiwa na furaha ya mtu asiyejua kinachomngoja.

Sasa Queensboro.

Unalifikia baada ya kilomita kama 24. Ni daraja la chuma la mwaka 1909, na wakimbiaji mnapitishwa ghorofa ya chini, kwa hiyo juu yenu kuna barabara nyingine, mnakuwa kama ndani ya handaki. Jua linakatika. Baridi inarudi. Na watazamaji hawaruhusiwi, hata mmoja. Baada ya saa mbili na nusu za kelele, ghafla kimya. Nilichokuwa nasikia ni raba tu, maelfu ya raba zinakwaruza lami, na watu wanahema. Hakuna aliyekuwa anaongea. Mwinuko wenyewe si mkali, ila hauishi. Ukiinua macho unaona migongo inapanda, inapanda, mpaka inapotea. Kaka mmoja mbele yangu alisimama, akashika ukingo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama anaswali. Mama mmoja aliyempita akamgusa bega bila kusimama, na yule kaka akaanza kutembea. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nahesabu hatua: mia moja, naanza upya, mia moja, naanza upya.

Nilipofika kileleni nikasema alhamdulillah, sasa nashuka. Hapo ndipo mapaja yaliponijibu. Misuli ya mbele, ile inayokushikilia usianguke unapoteremka, ilikuwa imekwisha. Kila hatua ya kushuka ilikuwa kama mtu ananipiga ngumi juu ya goti. Pumzi ninayo, moyo ninao, sina breki. Nikaikumbuka bodaboda ya Pugu. Miezi minne nimefundisha miguu kupanda, sijaifundisha kushuka hata siku moja, na kila daraja lina pande mbili. Ile raha ya Verrazzano nilikuwa nailipia pale.

Chini ya daraja unakata kona, unaibukia First Avenue, na kelele zinakupokea kama mvua ya masika. Wengi hupotelea hapo kwa kuongeza kasi. Mimi sikuwa na cha kuongeza. Barabara ile ni pana, na ukiangalia mbele unaiona yote mpaka mbali, nayo inapanda na kushuka taratibu ingawa kwa macho inaonekana tambarare. Nikala jeli yangu ya tatu ya kuongeza nguvu, nikanywa, nikaamua kutembea kwenye kila kituo cha maji na kukimbia katikati yake. Uamuzi huo ndio ulionifikisha. Daraja la Willis la kuingia Bronx na la Madison la kurudi Manhattan ni mafupi, ukilinganisha na Queensboro, lakini yako baada ya kilomita 31, na kwa kilomita hizo hata tuta la barabarani ni mlima.

Harlem, sehemu ya Manhattan, ndipo alipokuwa mtoto wa kaka yangu, anasoma huko. Tulikubaliana atasimama Fifth Avenue karibu na Marcus Garvey Park, na nikamwambia asije na bango, mabango yapo maelfu, sitaliona. Akaja na kanga. Nyekundu, ameifunga kwenye mti wa fagio, ameinyanyua juu ya vichwa vya watu. Niliiona kutoka mbali sana, kabla sijamwona yeye, na nikaanza kulia kabla sijamfikia. "Shangazi! Shangazi, kaza, umebakiza kidogo!" Kiswahili, baada ya siku tano za Kiingereza kitupu. Alikimbia pembeni yangu nje ya uzio hadi watu wakamzidi wingi.

Hakuniambia kuhusu kinachofuata, na sidhani alikijua. Kutoka mtaa wa 110 hadi wa 90, Fifth Avenue inapanda kwa kiasi cha maili nzima, Central Park iko kuliani kwako, unaitamani, huruhusiwi kuingia bado. Si daraja, kwa hiyo mwinuko huo sikuwa nimeuhesabu. Kwangu ulikuwa mgumu kuliko yote matano, maana ulinikuta sina nguvu tena. Wenyeji wamejipanga pande zote mbili na wanakutazama usoni wanapokuita. Nilitembea robo yake, nasema ukweli. Ndani ya hifadhi unapanda na kushuka tena, unatokeza mtaa wa 59, unaufuata hadi Columbus Circle, unarudi ndani, na hata mita za mwisho kabla ya utepe zinapanda.

Baada ya medali msifikiri mmemaliza. Unatembea mwendo mrefu kutoka nje ya hifadhi, na jua la Novemba linazama kabla ya saa 11 jioni, jasho linakukaukia. Kwenye kujisajili utaulizwa kama unataka kuweka begi au kupewa joho la kujifunika. Chukua joho. Lina manyoya kwa ndani, na lilikuwa nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kuvishwa.

Waliomaliza siku ile walikuwa 55,646. Nikiulizwa kama inastahili fedha zile, nasema ndiyo, hata kama utaweka akiba miaka miwili. Sijawahi kupita katikati ya watu wengi namna ile, wasionijua, wakanitakia mema kwa sauti ya juu kwa karibu saa tano. Ila nenda ukiwa umejiandaa kwa njia ilivyo. Beba mafuta ya mgando ya kupaka mapajani na kwapani, beba glavu, beba kitu cha kukalia asubuhi. Verrazzano lishuke kana kwamba umebeba ndoo ya maji kichwani. Na ukienda kufanya mazoezi Pugu, mwenye bodaboda mwache aende zake. Shuka kwa miguu hadi Gongo la Mboto, taratibu, kisha panda tena.